Pikapu inakaa chini nyuma: niongeze majani ya springi?

Msomaji wa Bwera, wilaya ya Kasese, ameniandikia hivi:

"Mzee, pikapu ni Hilux ya 1994, kabini moja, dizeli ya 2.8, magurudumu yote manne yanavuta. Aliiacha marehemu baba. Msimu wa kahawa inateremsha drugar (arabika iliyokaushwa na maganda yake) kutoka milimani, msimu ukiisha inabeba chumvi kutoka Katwe. Siku hizi nikipakia, nyuma inakaa chini kabisa, taa zinamulika mitini, na kwenye murramu inarukaruka na kuhama njia. Fundi wa hapa anataka kuniongezea majani mawili ya springi ya lori kila upande. Rafiki yangu aliyekaa Kampala anasema nifunge mifuko ya hewa na kuiinua inchi tatu. Pesa niliyonayo inatosha kimoja. Nifanye kipi?"

Hata kimoja, ndugu yangu. Angalau si sasa.

Naelewa kwa nini huwazi kuiuza. Tangu ile sheria ya 2018 izuie kuingiza Uganda magari yaliyofikisha umri wa miaka 15, gari kama lako huwezi tena kuliagiza kutoka Japani. Zilizopo ndizo hizo tunazozunguka nazo. Na yako nadhani ni ile tunayoiita LN106, yenye ekseli moja nzima mbele na springi za majani (vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine) pembe zote nne. Lala chini uangalie: ukiona bomba nene la chuma limeunganisha gurudumu la kushoto na la kulia mbele, ndiyo hiyo. Ukiona mikono miwili miwili na fimbo ndefu za chuma zinazoelekea nyuma chini ya kabini, basi ni ya aina nyingine, na nitaisemea neno huko mbele.

Kabla ya spana yoyote, anza na mizani. Wewe uko kwenye biashara ya kahawa, mizani unayo. Wenye pikapu wengi wanaokuja kwangu hujua idadi ya magunia, hawajui kilo. Pima. Tuseme gunia lako la drugar lina kilo 80, na unapakia magunia 12: hizo ni kilo 960. Ongeza wewe na mataniboi wawili, kilo 210 hivi. Tumeshafika 1,170, na bado hatujahesabu turubai, jeki, tairi la akiba, wala yule mama aliyeomba lifti na mkungu wake wa matoke. Pikapu hii ni ya daraja la tani moja, na hiyo tani inahesabu watu pia. Kibati kilichopigwa kiwandani mara nyingi kinaonyesha uzito wa juu wa gari likiwa limepakiwa. Ukitoa uzito wa gari tupu unapata haki yako.

Nalisema hili mwanzo kwa sababu springi ngumu haziongezi uwezo wa gari. Huficha tu kwamba limezidiwa. Breki zinabaki zilezile za 1994, ekseli na bearingi zilezile, na wewe unateremka mlima na mzigo huo. Gari likikaa chini linakupigia kelele. Ukilifunga mdomo kwa majani ya lori, utapakia magunia 15 mwezi ujao bila hata kujua umefanya hivyo. Halafu utakuja kuniuliza kuhusu breki.

Haya, tuseme umepima na hujazidisha sana, lakini bado nyuma inalala. Hapo gari ndilo limechoka, na tunaanza kutafuta limechokea wapi. Lisimamishe tupu mahali palipo sawa. Pima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa bodi, pembe zote nne, andika. Pakia mzigo wako wa kawaida, pima tena. Upande mmoja ukishuka zaidi ya mwingine kwa sentimita mbili tatu, tafuta jani lililovunjika. Mara nyingi hulioni kwa sababu limevunjika ndani ya mkusanyiko, karibu na bolti ya katikati, na matope yamefunika. Osha kwanza. Nimeona mafundi wakibishana nusu saa kuhusu springi ambayo ndoo moja ya maji ingemaliza ubishi.

Sasa hiyo chumvi. Umeitaja kama kitu kidogo, mimi ndiyo iliyonishtua zaidi katika barua yako. Magunia ya chumvi ya Katwe yakitoka ziwani huwa bado yana unyevu; maji yake yanachuruzika kupitia kitanda cha pikapu, yanaingia ndani ya chesisi na katikati ya majani ya springi. Chumvi haikauki ikaisha. Kila unyevu wa usiku unaiamsha upya. Kutu kati ya majani hufanya mambo mawili: linakula chuma hadi jani linakuwa jembamba na lenye vishimo ambavyo ufa huanzia, na linayagandisha majani yasiteleze, hivyo springi inakuwa ngumu kwa kikwaruzo na dhaifu kwa mzigo kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo, kabla hujanunua hata bolti, chukua nyundo ndogo ugonge chesisi kuanzia nyuma ya kabini hadi mwisho. Gonga hasa pale springi ya nyuma inapoanzia na pale inapoishia, na kwenye vishikio vyenyewe vilivyoungwa kwenye chesisi. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinajibu kwa sauti iliyokufa, na pengine magamba yanadondoka. Ukipata tundu au ufa hapo, pesa yako yote iende kwa mchomeleaji anayejua chesisi, na springi zisubiri. Kuweka springi ngumu kwenye chesisi iliyooza ni kuivunja haraka zaidi, maana kila shimo ambalo springi ingelimeza linapelekwa moja kwa moja kwenye chuma kibovu. Na kuanzia leo tandika turubai zito chini ya magunia ya chumvi, na kila ukimaliza kazi hiyo osha chini kwa maji mengi yasiyo na chumvi.

Kama chesisi inalia vizuri, twende kwenye vitu vidogo ambavyo hakuna anayevitaka kwa sababu havionekani ukipita mjini: bushi na shokapu.

Bushi ni zile raba kwenye macho ya springi na kwenye shakoli, ile pingu ya chuma inayobembea mwisho wa springi. Weka mtaimbo kati ya springi na kishikio, sukuma. Ikicheza, ekseli yako inatembea kushoto na kulia kila unapopiga kona, na hapo ndipo penye sehemu ya hilo kuhama njia ulilolalamikia. Chagua bushi za raba nzuri. Zile ngumu za poliyurethani zina sifa nyingi kwa wenye magari ya mashindano, lakini zinataka grisi kila mara, na kwenye vumbi zisipopakwa hulia kama mlango wa ghala. Fundi akizifunga, bolti zake zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa limening'inia kwenye jeki. Ukikaza likining'inia, raba inashikwa ikiwa imejikunja, na gari likishuka chini raba inaishi maisha yake yote imesokotwa. Bushi za mwaka zinakufa kwa mwezi, na muuzaji ndiye analaumiwa.

Shokapu hazibebi mzigo. Naandika tena kwa sababu kila wiki mtu huniambia amebadilisha shokapu ili gari liinuke. Springi ndiyo inayobeba. Shokapu kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza baada ya shimo kupita. Mafuta ndani yake yanasukumwa kupitia vitundu vidogo, na ule mchezo unageuka joto. Ndiyo maana kwenye murramu yenye mikunjo kama bati, ambako gurudumu linapanda na kushuka mara nyingi kwa sekunde, shokapu inaweza kupata moto hadi mafuta yakachanganyika na hewa na kuwa povu, na povu halizuii kitu. Kuanzia hapo tairi linagusa vilele vya mikunjo tu, na gari linaelea. Hicho ndicho unachokiita kurukaruka na kuhama njia. Fungua upande mmoja wa chini, isukume na kuivuta kwa mkono. Ikienda bila ukaidi wowote, au ukiona mafuta yameshika vumbi mwilini mwake, imekwisha. Zilizojazwa gesi ya naitrojeni huvumilia zaidi, kwa sababu mgandamizo wa gesi unachelewesha povu; ukiibana ya namna hiyo ikiwa mpya, inarudi juu yenyewe polepole. Kama iliyo kwenye boksi la jina kubwa hairudi hata kidogo, muulize muuzaji maswali mengi. Nunua mbili mbili, za nyuma pamoja, za mbele pamoja.

Sasa tufike kwa fundi wako na majani yake ya lori. Simdharau, maana kazi hiyo nimeifanya mwenyewe na nikajuta.

Ugumu wa jani la springi hautegemei unene wake kwa hesabu ya kawaida. Unategemea unene mara unene mara unene. Tuseme springi yako ina majani matano ya milimita 6. Ukiongeza jani la sita lenye unene uleule na urefu unaokaribiana, umeongeza ugumu kwa sehemu moja kati ya tano, asilimia 20 hivi. Hilo gari linalivumilia. Lakini jani la milimita 9 linafanya kazi ya majani zaidi ya matatu ya milimita 6. Mawili ya namna hiyo ni kama umeongeza majani karibu saba juu ya matano. Springi imekuwa ngumu zaidi ya mara mbili! Likiwa tupu gari litakuwa mkokoteni, gurudumu la nyuma litarukia hewani kwenye kila jiwe, na ukifunga breki likiwa hewani hakuna breki.

Na mbaya zaidi imefichika. Majani yote yanapinda pamoja, na kwa mpindo uleule jani nene linaumia zaidi kuliko jembamba: la milimita 9 linapata mkazo mara moja na nusu ya lile la 6. Hilo nene na fupi linapoishia, majani marefu yaliyo juu yake yanalazimika kupinda pale pale kwenye ncha yake. Jani kuu, lile lenye macho, huvunjikia hapo. Miaka mingi nyuma nilimfungia mteja majani ya lori kwenye pikapu ya kubeba mbao, akashukuru sana. Miezi minne baadaye jani kuu la kulia lilikatika kwenye mteremko, ekseli ikarudi nyuma upande mmoja, akaingia mtaroni. Hakuumia. Mbao zilimwagika barabarani na mimi nililipa kreni, na ilikuwa haki nilipe.

Watakupendekezea pia kukunja upya majani yako ya zamani. Katwe ya Kampala (si yenu ya chumvi) kazi hiyo hufanywa siku nzima. Kupigwa kwa baridi, kwa nyundo, kunarudisha kimo kwa muda, na kwa mtu asiye na pesa siwezi kusema ni dhambi. Lakini ukiona jani linawekwa motoni hadi linakuwa jekundu kisha linaachwa lipoe lenyewe chini, chukua springi zako uondoke. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kiwandani kwa joto lililopimwa. Moto wa makaa unaufuta, na jani linabaki chuma cha kawaida kinacholala tena kabla msimu haujaisha. Kuchomelea jani lililovunjika usifikirie kabisa.

Ushauri wangu kuhusu springi, basi. Ukiweza, nunua seti mpya ya nyuma iliyotengenezwa kwa ajili ya mzigo unaoujua. Watengenezaji wazuri wanauza kwa daraja: springi ya gari linalotembea tupu, ya gari lenye mzigo wa wastani kila siku, na ya mzigo mkubwa daima. Wewe unakwenda tupu na kurudi umejaa, kwa hiyo chagua ya wastani. Usichukue ya juu kwa sababu bei inakaribiana. Springi nyingi za pikapu zina jani moja nene lililonyooka chini kabisa, ambalo halifanyi kazi hadi mzigo ushuke na kuligusa. Mpangilio huo ndio unaokufaa: laini ukiwa mtupu, ngumu ukiwa umejaa. Kama seti mpya imekushinda na majani yako ni mazima, mwambie fundi aongeze jani moja kila upande, la unene uleule, ncha zake zikiwa zimepunguzwa makali, na mkunjo wake ufuatane na wenzake. Jani lililokunjwa kupita kiasi linaisimamisha shakoli hadi inakosa pa kuyumba, na springi isiyoweza kurefuka ikishuka inagonga kama nguzo.

Ukifungua springi, nunua yu-bolti mpya (zile bolti zenye umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) na bolti ya katikati mpya. Yu-bolti zilizokazwa miaka 30 iliyopita zimekwisha kuvutika. Zikikazwa tena huwa zinajilegeza, na mkusanyiko unaolegea ndio unaokata bolti ya katikati. Ni pesa ndogo. Sijui kwa nini watu hubana hapo.

Mifuko ya hewa ya rafiki yako ni kitu kizuri mahali pake. Lakini angalia inavyokaa: springi ya majani inapeleka mzigo kwenye chesisi kwa ncha zake mbili, mbele na nyuma, zikiwa zimeachana zaidi ya mita. Mfuko wa hewa unakaa katikati na kusukuma chesisi sehemu moja tu. Pikapu za umri mdogo kuliko yako zimepinda mgongo nyuma ya kabini kwa mtindo huo, zikiwa na mzigo mkubwa na mifuko iliyojazwa hadi gari likasimama sawa. Chesisi ya miaka 30 iliyoonja chumvi, mimi nisingeijaribu. Tena jiwe kali la barabara za milimani likitoboa mfuko mmoja ukiwa umejaa, upande mmoja unaanguka.

Kuhusu kuinua inchi tatu, nakuuliza: unavuka nini? Ukiinua nyuma peke yake, pua ya gari inainama, na pembe inayofanya usukani urudi wenyewe inapungua. Hapo kuhama njia kutazidi. Ukiinua pote, propela shafti (zile fimbo nene zinazopeleka nguvu kwenye ekseli) zinabadilika pembe, mipira ya breki inaweza kuvutika, na gari lenye magunia juu linapata kitovu cha uzito kilicho juu zaidi kwenye barabara iliyoinamia bonde. Springi mpya peke yake zitakurudishia kimo ulichopoteza. Na kama pikapu yako ni ile yenye fimbo mbele badala ya ekseli nzima, fundi atakuambia kuinua ni bure, kukaza bolti mbili tu. Ni kweli inapanda, lakini fimbo, ambayo ndiyo springi ya mbele kwenye gari hilo, haiwi ngumu zaidi. Unachofanya ni kuiba nafasi ya gurudumu kushuka na kuikunja ekseli fupi kwa pembe inayoila. Sentimita tatu, basi, kisha alaimenti.

Kuna kifimbo kimoja nataka ukitafute. Kwenye Hilux nyingi, juu ya ekseli ya nyuma kuna fimbo nyembamba inayopanda hadi kwenye vali ndogo ya breki iliyofungwa kwenye chesisi. Ekseli ikikaribia chesisi, vali inajua kuna mzigo na kuruhusu breki za nyuma zifanye kazi zaidi. Ukiinua nyuma au ukiikazia springi hata isishuke, vali inadhani gari ni tupu daima, na breki za nyuma zinapewa nguvu kidogo ukiwa na tani nzima mgongoni. Nimekuta fimbo hii imekatwa, imefungwa kwa waya, na mara moja imefungwa kwa kamba ya mkonge. Baada ya springi mpya fundi airekebishe upya kwa kimo kipya. Asipojua ni kitu gani, hiyo nayo ni habari kuhusu fundi.

Mbele, usiache bila kugusa. Inua gurudumu moja, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, inaweza kuwa bearingi za gurudumu zimelegea, au zile za juu na chini zinazoruhusu gurudumu kugeuka kwenye ncha ya ekseli. Mtu mwingine akanyage breki ukitikisa, na mchezo ukibaki ni hizo za pili. Kisha angalia tairodi endi, vile viungo vya ncha za fimbo za usukani. Hakuna springi itakayonyoosha usukani wenye viungo vilivyokwisha.

Na soma tairi lako. Kuna namba ubavuni baada ya ukubwa: 95 maana yake tairi moja linabeba kilo 690, 104 ni kilo 900, 110 ni kilo 1,060. Wengi wamefunga tairi za gari dogo kwa sababu ni za bei nafuu na zinaingia kwenye rimu.

Kwa pesa ya kitu kimoja, mimi ningeigawa hivi: chesisi na kuosha chumvi kwanza, hapo gharama yake kubwa ni jasho. Halafu bushi na shokapu za nyuma kwa mkupuo mmoja. Endesha hivyo wiki mbili na magunia kumi badala ya 12, na uangalie kama bado unalalamika. Nadhani nusu ya malalamiko yatakuwa yameondoka. Mapato ya msimu yakiingia, seti ya springi za daraja la wastani na yu-bolti zake, na mwisho shokapu za mbele. Baada ya springi, rudi kwa fundi ukishatembea kilomita 500, au wiki ya kwanza ya mzigo kamili, akaze yu-bolti zote tena gari likiwa chini, maana majani mapya hujikalia na zile nati lazima zitalegea. Pima tena pembe nne kama ulivyopima mwanzo, uandike vipimo vipya kando ya vile vya zamani, na ukiniandikia tena niwekee vyote viwili.